Cheti kimoja cha SSL, vikoa tanzu kadhaa: jibu kwa mhasibu wa SACCOS

Swali: Mimi ni mhasibu wa SACCOS ya walimu mkoani Morogoro, na tangu kijana aliyetutengenezea tovuti apate kazi kwingine, mambo yote ya kompyuta yameangukia mezani kwangu. Tovuti kuu na barua pepe ziko kwenye kampuni inayotuhifadhia tovuti, ambako tunaingia kwa cPanel, ukurasa wa kusimamia tovuti. Mfumo wa wanachama kuangalia akiba na mikopo uko kwenye seva nyingine ya kukodi, VPS yenye Ubuntu na Nginx, programu inayowapelekea wageni kurasa. Tulilipia cheti cha SSL cha mwaka mmoja. Tovuti kuu inafunguka vizuri, lakini mwanachama akifungua mfumo anaonywa kwamba muunganisho si salama. Kijana yule alinitumia cheti pamoja na faili jingine kwa WhatsApp, nami nikampelekea fundi mwingine akayaweka kwenye seva ya pili. Sasa muuzaji anasema tununue cheti cha nyota, yaani kimoja cha vikoa tanzu vyote, ambacho bei yake ni mara kadhaa ya kile cha kwanza. Je, tununue? Na tufanyeje ili cheti kisituishie katikati ya msimu wa mikopo? Baadhi ya wanachama wetu bado wanatumia simu za zamani sana.

Jibu: Dada mhasibu, msinunue cheti cha nyota. Na hilo faili jingine lililopita WhatsApp linahitaji kushughulikiwa haraka kuliko onyo wanaloliona wanachama. Kwa kuwa jina halisi la chama chenu si la kutangaza hapa, nitaiita tovuti yenu mfano.co.tz, na mfumo wa wanachama nitauita wanachama.mfano.co.tz, ambacho ni kikoa tanzu, yaani jina lililo chini ya lile kuu.

Tuanze na onyo lenyewe. Cheti cha namna mliyonunua hakitolewi kwa seva, wala kwa yule aliyelipa ankara. Hutolewa kwa jina la kikoa, herufi kwa herufi. Mwanachama anapoandika anwani kwenye simu yake, kivinjari hupokea cheti kutoka kwenye seva, kisha husoma ndani yake orodha ya majina ambayo mtoa vyeti ameyathibitisha, na kama jina lililoandikwa halimo katika orodha hiyo, kivinjari hukataa, hata kama cheti ni halali, hakijaisha muda na kimelipiwa fedha nyingi. Zamani vivinjari vilikubali pia jina lililoandikwa katika sehemu nyingine ya cheti, ile inayomtaja mwenye cheti, lakini Chrome iliacha kuitazama sehemu hiyo mwaka 2017, na leo orodha ya majina ndiyo yenye neno la mwisho. Unaweza kuisoma wewe mwenyewe. Ukiwa kwenye VPS hiyo, au kwenye kompyuta yoyote yenye Linux, andika amri hii katika mstari mmoja:

`openssl s_client -connect wanachama.mfano.co.tz:443 -servername wanachama.mfano.co.tz </dev/null | openssl x509 -noout -dates -ext subjectAltName`

Sehemu ya `-servername` usiiache, kwa sababu seva moja yenye anwani moja inaweza kubeba tovuti nyingi, na bila kutajiwa jina itatoa cheti chochote ilichopangiwa kutanguliza. Kwa maelezo uliyonipa, natarajia mwishoni utaona kitu cha namna hii:

`DNS:mfano.co.tz, DNS:www.mfano.co.tz`

Majina mawili, basi. Jina la mfumo wa wanachama halimo. Fundi wenu wa pili alichukua cheti cha tovuti kuu akakiweka kwenye seva ya mfumo, jambo ambalo ni sawa na kumpa mtu kitambulisho cha kaka yake: ukoo ni mmoja, lakini askari wa getini anasoma jina. Ndiyo maana Chrome inaandika `NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID`, maneno ambayo siku hizi yanapotosha kidogo, kwa kuwa yanaitaja ile sehemu ambayo Chrome yenyewe haiitazami tena.

Sasa lile faili jingine. Cheti si siri. Seva humkabidhi kila mgeni anayebisha hodi. Siri ni ufunguo unaoendana nacho, na ukilifungua faili lake kwa programu ya maandishi utaona linaanza na mstari wa `-----BEGIN PRIVATE KEY-----` au unaofanana nao. Yeyote mwenye ufunguo huo pamoja na cheti chenu anaweza kusimamisha tovuti bandia ambayo kivinjari kitaiamini kuwa ni yenu, mradi tu apate njia ya kuvuta mawasiliano ya watu kuja kwake, kwa mfano kwa kumiliki Wi-Fi ambayo walimu wanaitumia mgahawani. Ni kweli kwamba WhatsApp husimba ujumbe ukiwa safarini, ila tatizo halipo safarini, lipo kwenye vituo: faili limebaki kwenye simu ya kijana, kwenye simu yako, kwenye simu ya fundi, pengine kwenye nakala rudufu za simu hizo, na kwenye kompyuta yoyote ambayo mmoja wenu alifungulia WhatsApp akalipakua. Hakuna anayeweza kuzihesabu nakala hizo, kwa hiyo ufunguo huo uhesabuni kuwa umevuja. Simlaumu sana kijana wenu, kwa maana desturi hii nimeikuta hata kwa watu wenye uzoefu wa miaka mingi, lakini kanuni ni kwamba ufunguo huzaliwa kwenye seva na kufia hapo hapo, na seva mbili huwa na funguo mbili.

Hatua zake zifuate mpangilio huu. Kwanza pateni vyeti vipya vyenye funguo mpya kwenye seva zote mbili, kama nitakavyoeleza hapa chini. Mkishahakikisha vinafanya kazi, ndipo muiandikie kampuni iliyowauzia cheti kwamba ufunguo umevuja na mnaomba kibatilishwe. Msianze na kubatilisha, maana taratibu za watoa vyeti zinawalazimisha kukibatilisha ndani ya saa 24 baada ya kupata ushahidi wa kuvuja kwa ufunguo, nanyi mtajikuta na tovuti kuu iliyokufa kabla mbadala haujawa tayari.

Kuhusu cheti cha nyota, muuzaji hakukudanganya. Amekuuzia gari la abiria sitini wakati familia yenu ni watu wanne. Cheti hicho huandikwa `*.mfano.co.tz`, na nyota hiyo husimama mahali pa neno moja tu kabla ya nukta. Kinakubalika kwa wanachama.mfano.co.tz na kwa mail.mfano.co.tz, lakini hakikubaliki kwa mikopo.wanachama.mfano.co.tz, ambayo ina neno la ziada, wala kwa mfano.co.tz yenyewe mpaka jina hilo liongezwe kando ya nyota ndani ya cheti hicho hicho. Watu wengi hugundua hili la mwisho wakishalipa. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba cheti kimoja cha nyota kwenye seva mbili humaanisha ufunguo mmoja unaonakiliwa kutoka seva hadi seva, yaani mtarudia kwa hiari yenu kosa lile lile tunalohangaika kulisafisha, na seva moja ikidukuliwa, majina yote yamedukuliwa. Cheti cha nyota kina mahali pake, hasa kwa mfumo unaompa kila mteja kikoa tanzu chake na kufungua vipya kila siku. Ninyi mna majina manne yanayojulikana. Na hata siku mtakapokihitaji, kinapatikana bure tangu Machi 2018, kwa sharti la kuthibitisha umiliki kwa kuweka rekodi ya TXT yenye jina `_acme-challenge` kwenye DNS ya kikoa, yaani orodha inayoonyesha kila jina linaelekea seva gani.

Hapo nimeshagusa neno bure, ambalo najua litazua swali kwenye bodi yenu. Let's Encrypt ni huduma ya shirika lisilo la kibiashara la Marekani, Internet Security Research Group, lililoanza kutoa vyeti kwa umma Desemba 2015. Usimbaji wa mawasiliano haupungui nguvu kwa sababu cheti hakikulipiwa; nguvu hiyo hutokana na mipangilio ya seva na toleo la TLS, mrithi wa SSL, ambalo leo linapaswa kuwa 1.2 au 1.3. (SSL yenyewe, kwa hakika, ilistaafishwa rasmi mwaka 2015, tumebaki na jina tu.) Tofauti ya bei hutokana na kile ambacho mtoa vyeti alikagua. Cheti cha kawaida huthibitisha kwamba mwombaji anaimiliki anwani. Vile vya ghali hukagua pia usajili wa taasisi. Miaka ya nyuma cheti cha ngazi ya juu kabisa kilionyesha jina la taasisi kwa kijani pembeni mwa anwani, lakini Chrome na Firefox ziliiondoa alama hiyo mwaka 2019, kwa hiyo mwanachama wenu leo haoni tofauti yoyote kati ya kile cha bure na kile cha mamilioni. Wajulisheni pia wanachama kwamba muunganisho salama hauthibitishi uaminifu wa mwenye tovuti; tapeli naye hupata cheti kwa jina lake la utapeli.

Kwa upande wa tovuti kuu kazi ni ndogo. Ndani ya cPanel tafuta ukurasa wa SSL/TLS Status. Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti huwasha AutoSSL, ambayo huomba na kuhuisha vyeti yenyewe kwa majina yote yanayoelekea kwenye seva yao: mfano.co.tz, www.mfano.co.tz na mail.mfano.co.tz. Waandikie waondoe cheti cha kulipia, waiache AutoSSL itoe kipya, na sisitiza kwa maandishi kwamba kiwe na ufunguo mpya. Iwapo jina la mfumo wa wanachama nalo limeorodheshwa hapo, utaliona na alama nyekundu, kwa sababu DNS inalipeleka kwenye VPS na AutoSSL haiwezi kulithibitisha. Alama hiyo isikutishe, wala usikubali kuuziwa kitu kwa ajili yake. Jina la mail lisisahauliwe: likikosekana kwenye cheti, programu ya barua pepe kwenye kompyuta ya meneja italalamika kila asubuhi, naye atakuwa akibofya "kubali" bila kusoma, tabia ambayo siku moja itamponza kwa jambo kubwa zaidi.

Kwenye VPS ndiko kwenye kazi yenyewe. Kabla ya yote hakikisha jina linaelekea mahali pake:

`dig +short wanachama.mfano.co.tz A`
`dig +short wanachama.mfano.co.tz AAAA`

Amri ya kwanza ilete anwani ya VPS yenu. Ya pili ilete anwani ya IPv6 ya VPS hiyo hiyo, au isilete kitu kabisa. Nasisitiza hili la pili kwa sababu limenipotezea saa nyingi: mtu amehamia seva mpya, amebadilisha rekodi ya A na kuisahau ile ya AAAA, yeye na wateja wake wanaingia kwa IPv4 na hawaoni tatizo lolote, lakini Let's Encrypt hutanguliza IPv6, inafika kwenye seva ya zamani, haikuti inachokitafuta, inakataa. Rekodi ya AAAA isiyokuwa na kazi ifutwe.

Kisha:

`sudo apt install certbot python3-certbot-nginx`
`sudo certbot certonly --nginx --dry-run -d wanachama.mfano.co.tz`
`sudo certbot --nginx -d wanachama.mfano.co.tz`

Mstari wa pili ni wa majaribio. Hautoi cheti, bali huonyesha kama uthibitisho utapita. Usiuruke. Certbot, ambayo ni programu ya kuomba na kuhuisha vyeti, itaweka msimbo kwenye seva yenu chini ya njia ya `/.well-known/acme-challenge/`, na kompyuta za Let's Encrypt zitakuja kuusoma kupitia poti 80, mlango wa http wa seva, zikitokea sehemu mbalimbali za dunia ili mtu aliyeteka njia moja ya mtandao asiweze kuzidanganya. Kutokana na hilo makosa mawili hujirudia sana. La kwanza ni fundi kufunga poti 80 kwenye ngome ya seva akiamini kwamba anaongeza usalama. Poti hiyo iachwe wazi, na kazi yake nyingine iwe kuwaelekeza wageni wote kwenda https. La pili ni kuzuia wageni wote wa nje ya Tanzania, uamuzi unaoeleweka kwa chama cha akiba, lakini ambao huwazuia pia wathibitishaji, ambao anwani zao hazitangazwi ili usiweze kuwaruhusu peke yao. Mkitaka kubaki na kizuizi hicho, thibitisheni kwa njia ya DNS niliyoitaja kwenye cheti cha nyota. Njia hiyo inafaa pia kwa jina moja la kawaida.

Kuna la tatu ambalo ni adimu zaidi. Tangu Septemba 2017 kila mtoa vyeti analazimika kusoma rekodi ya CAA, inayotaja watoa vyeti wanaoruhusiwa, kwenye DNS kabla ya kutoa cheti, na kama kijana wenu aliwahi kuiweka akiitaja kampuni ya cheti mlicholipia peke yake, Let's Encrypt itakataa hata kama mengine yote yamenyooka. Tazama kwa `dig mfano.co.tz CAA`, ukikuta rekodi, ongeza nyingine yenye `letsencrypt.org`.

Jaribio likigoma, soma ujumbe wa kosa kabla ya kurudia. Makosa matano ya uthibitisho kwa jina moja ndani ya saa moja yanakufungia kwa muda, na vyeti vitano vyenye majina yale yale ndani ya siku 7 vinakuzuia kupata kingine kwa muda, jambo linalompata fundi mwenye haraka anayefuta kila kitu na kuanza upya kila akikwama. Upo pia ukomo wa vyeti 50 kwa kikoa kwa siku 7, lakini huo hauwahusu: .co.tz imeorodheshwa kama kiambishi cha umma, kwa hiyo kinachohesabiwa ni mfano.co.tz peke yake. Isingekuwa hivyo, wafanyabiashara wote wa Tanzania wangekuwa wanagombania vyeti 50 kwa wiki.

Ikishafanikiwa, utakuta mafaili manne katika `/etc/letsencrypt/live/wanachama.mfano.co.tz/`, na mawili kati yake yanachanganya watu. `cert.pem` ni cheti chenu peke yake. `fullchain.pem` ni cheti chenu pamoja na cheti cha kati, ambacho ndicho kiungo baina yenu na cheti mama ambacho simu na kompyuta zimekihifadhi tangu kiwandani. Nginx ipewe `fullchain.pem` kwenye mstari wa `ssl_certificate`, na `privkey.pem` kwenye mstari wa `ssl_certificate_key`. Certbot ikijipangia yenyewe haikosei, ila mafundi wanaopanga kwa mkono huweka `cert.pem`, wanafungua tovuti kwenye kompyuta ya ofisini, inafunguka, wanaondoka. Jioni simu zinaanza kupigwa: kwenye baadhi ya simu haifunguki. Kompyuta ilikuwa imekwisha kukutana na cheti cha kati kwenye tovuti nyingine ikakiweka akiba, au ilikwenda kukitafuta yenyewe. Simu hizo hazikufanya hivyo. Kwa hiyo kila unaposikia "kwangu inafunguka, kwa wateja haifunguki", shuku mnyororo uliokatika kabla ya kushuku jambo jingine. Amri niliyokupa mwanzoni, ukiiondolea sehemu yote kuanzia alama ya mstari wima, itakuandikia hali ya mnyororo mwishoni. Unachotaka kukiona ni `Verify return code: 0 (ok)`.

Baada ya hapo msikimbilie kuwasha HSTS yenye `includeSubDomains` kwa sababu tu ukurasa fulani wa kupima usalama umewanyima alama. Mpangilio huo, ukiwekwa kwenye tovuti kuu, huviambia vivinjari kwamba kwa muda uliotajwa, mara nyingi mwaka mzima, visikubali kikoa tanzu chochote bila https, na hakuna namna ya kuvifuata vivinjari vya watu mmoja mmoja kuviomba visahau. Ziangalieni pia picha na mafaili ambayo kurasa za mfumo bado zinayaita kwa http. Hayo hurekebishwa kwa kubadilisha anwani zake.

Huenda pia kuna kikoa tanzu kama majaribio.mfano.co.tz ambako kijana alikuwa akijaribia mfumo. Fahamu kwamba kila cheti kinachotolewa huandikwa kwenye daftari la wazi ambalo mtu yeyote anaweza kulipekua, na kikoa tanzu kinachoombewa cheti kwa jina lake hujulikana duniani ndani ya muda mfupi. Siku hiyo hiyo mtaanza kuona roboti zikibisha. Kama hamkitumii, zima huduma na ufute rekodi yake ya DNS. Kama mnakitumia, kiwekeeni nywila, na kamwe kisibebe taarifa halisi za mikopo ya walimu.

Sasa hofu yako ya msimu wa mikopo. Vyeti vya Let's Encrypt vimekuwa vikidumu siku 90, na hilo huwatisha watu waliozoea kulipia mara moja kwa mwaka, ilhali siku hizi cheti cha mwaka ndicho chenye hatari. Chombo kinachowakutanisha watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari kiliamua Aprili 2025 kwamba cheti kinachotolewa kuanzia tarehe 15 Machi 2026 kisizidi siku 200, kuanzia 15 Machi 2027 kisizidi siku 100, na kuanzia 15 Machi 2029 kisizidi siku 47. Muuzaji anaweza kuendelea kuwatoza ada ya mwaka, lakini faili lenyewe litabidi libadilishwe mara kadhaa ndani ya mwaka huo, na asiyekuwa na mtambo wa kulibadilisha atakuwa analibadilisha kwa mkono na kwa kalenda. Certbot inayo kazi hiyo tayari: kipima muda cha `certbot.timer` huamka mara mbili kwa siku, hutazama vyeti vyote, na kuhuisha vile vinavyokaribia mwisho. Hakikisha kimewashwa kwa `systemctl list-timers`, halafu fanya zoezi kwa `sudo certbot renew --dry-run`.

Kuhuisha faili, hata hivyo, si kuhuisha huduma. Niliwahi kumhudumia mteja ambaye cheti chake kilihuishwa vizuri, kikakaa kwenye diski mwezi mzima, na bado tovuti ikafa Jumatatu asubuhi kwa cheti kilichoisha muda. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilitumia njia ya uthibitisho isiyoigusa Nginx, na Nginx husoma cheti inapowashwa au inapoambiwa isome upya, haipekui diski kila siku. Ukitumia `--nginx` kama nilivyoandika hapo juu, Certbot huiambia yenyewe. Ukitumia njia ya DNS, ongeza `--deploy-hook "systemctl reload nginx"`. Wala usitegemee barua pepe ya tahadhari, kwa sababu Let's Encrypt iliacha kuzituma Juni 2025. Chukua ile amri ya kwanza kabisa, ambayo huonyesha pia tarehe ya mwisho, uiendeshe mwanzoni mwa kila mwezi siku unayofunga hesabu. Ukikuta zimebaki siku pungufu ya 20, mwite fundi, kwa kuwa mtambo ulipaswa kuwa umeshafanya kazi. Siku hiyo hiyo ulizeni nani ana nywila ya akaunti mliyosajilia kikoa. Kama imefungwa kwenye barua pepe binafsi ya kijana aliyeondoka, ihamisheni sasa mkiwa bado mnasalimiana, maana kikoa chenyewe nacho huisha muda, na kikiisha hakuna cheti kitakachowafaa.

Nimeacha mwishoni swali la simu za zamani kwa sababu ndilo pekee linaloweza kuhalalisha kutoa fedha. Vyeti vya Let's Encrypt huishia kwenye cheti mama kiitwacho ISRG Root X1, ambacho Android imekuja nacho kuanzia toleo la 7.1.1. Simu za kabla ya hapo zilikuwa zikivushwa kwa msaada wa cheti mama cha kampuni nyingine, na daraja hilo liliondolewa mwaka 2024. Kabla hujabadilisha chochote, wakati wanachama bado wanaingia kwa kulipuuza onyo, angalia kumbukumbu za VPS:

`grep -oE 'Android (4|5|6|7\.0)' /var/log/nginx/access.log | sort | uniq -c`

Fanya hivyo sasa na si baadaye, kwa maana simu inayokataa cheti katika hatua ya mwanzo haiachi alama kwenye kumbukumbu hizo, na utadhani simu hizo hazipo. Namba utakazoziona ni za maombi, si za watu, kwa hiyo mwalimu mmoja anayefungua salio lake mara kumi kwa siku atakuza hesabu. Linganisha na anwani za IP. Ukikuta ni wachache, watajie ofisini wabadilishe simu au watumie kompyuta ya shule. Ukikuta ni wengi, nunueni cheti cha jina moja tu, wanachama.mfano.co.tz, kutoka kwa mtoa vyeti ambaye cheti mama chake ni cha zamani zaidi, na kabla ya kulipa mwombe muuzaji akuonyeshe tovuti inayokitumia, uifungue kwa simu ya mmoja wa wanachama hao, si kwa simu yake yeye. Wenye Android 4.3 au ya chini yake wanaotumia kivinjari kilichokuja na simu hawatasaidika hata kwa hicho, kwa sababu kivinjari hicho hakiwashi TLS 1.2; hao waendelee kuja dirishani kwako.